Kwa Nini Bei ya Mwisho Tunaitaja Baada ya Kufungua Dari

Wiki iliyopita kaka mmoja ameondoka gereji kwetu hapa Kizota, Dodoma, akisema tumemwibia. Tulimkadiria milioni nne kuikarabati Coaster yake ya kulala, yaani basi dogo lililowekwa kitanda ndani, ambayo dari lake lilikuwa linavuja. Tulipobandua sakafu tukampigia simu kwamba imefika sita na nusu. Imeniuma, maana picha zote alitumiwa siku hiyohiyo.

Tundu la kuvujia lilikuwa mbele juu ya paa, kwenye bolti za keria, lakini doa la rangi ya chai lilitokea nyuma kabisa, juu ya kitanda. Maji yalikuwa yanatembea ndani ya dari. Nilipochoma pembe ya sakafu kwa bisibisi, ilizama hadi mpini. Chuma cha chini yake kilibanduka kama maganda ya kitunguu. Sasa tupigilie plaiwudi mpya juu ya iliyooza, tufunike kwa kapeti, bei ibaki milioni nne? Fundi wa kufanya hivyo yupo. Mwaka huu tumeshazifumua kazi tatu za namna hiyo.

Kibaya zaidi ni silikoni. Huku kwetu mvua ni ya miezi michache, kwa hiyo mtu anapaka silikoni juu ya tundu na kiangazi chote anaamini limeziba. Kumbe bati linatanuka mchana, linasinyaa usiku, barabara ya vumbi inalitikisa, silikoni inaachia ukingoni. Na juu ya silikoni ya zamani hakishiki kitu: si rangi, si silikoni mpya. Mama mmoja mtafiti alituletea gari kutoka Kondoa lenye tabaka nne. Vijana wawili walikwangua siku mbili nzima. Kuziba kwenyewe kulichukua mchana mmoja. Alilipia zile siku mbili.

Wengi wanauliza, si bora ninunue jipya zaidi? Chesisi ikiwa imeliwa na kutu, nitakwambia mwenyewe uachane nalo. Lakini chesisi ikiwa nzima na injini ni 1HZ, ile dizeli ya silinda sita ya lita 4.2, karabati. Haina kompyuta, na mafundi wa Manyoni na Kondoa wanaijua. La kuagiza utalipia ushuru na VAT ya asilimia 18, kisha litakuja na dari ambayo nayo hujaifungua.

Tairi nazo msihesabu meno tu. Gari la kulala linaegeshwa miezi, tairi linazeeka na meno yake yote. Someni tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT ubavuni: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014.

Ukaguzi wetu ni elfu hamsini, na ukitupa kazi tunaikata kwenye bili. Lete gari tupu, magodoro na vyombo vibaki nyumbani. Tutalimwagia maji juu kwa mpira nusu saa, mmoja wetu akiwa ndani na tochi. Ingia naye.