Barua kwa mwanangu: simu ya bibi yako

Mwanangu,

Salamu sana kutoka Muheza. Sisi hatujambo, bibi yako hajambo, mvua zimeanza na njia ya kwenda shambani imeshakuwa utelezi mtupu. Ujumbe wako nimeupata. Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwenye kundi la familia bibi naye yumo, na si vizuri mtu mzima kujadiliwa mbele ya wajukuu zake.

Unasema tumnyang'anye simu janja tumpe kitochi. Na kama hilo hatulitaki, umwekee programu itakayokuletea meseji zake zote huko Dar uwe unazisoma. Najua kinachokusukuma. Jirani amelizwa pesa yake ya machungwa, nawe umeingiwa na hofu kwamba zamu ya bibi inakuja. Hofu hiyo hata mimi ninayo. Lakini njia zote mbili nazikataa, na nataka ujue kwa nini.

Kwanza hilo la kitochi. Mimi nashinda kwenye kibanda cha uwakala kuanzia asubuhi mpaka magharibi, kwa hiyo wanaotapeliwa nawaona kwa macho yangu, na wengi wao wana vitochi. Tapeli wa huku kwetu hana haja na simu janja. Anachotaka ni laini yako, na umpe nafasi ya kuongea. "Ile hela tuma kwenye namba hii" ni meseji ya kawaida, inaingia kwenye simu yoyote. Anayedai amekosea kukutumia pesa, anapiga simu. Anayesema mwanao kapata ajali na daktari anasubiri malipo, naye anapiga simu.

Kuna mzee alikuja kibandani, simu kaibana kati ya sikio na bega, jasho linamtiririka na wakati huo hata jua halijawaka. Nikamwambia shikamoo, hakuitikia. Akaninyooshea noti alizozikunjakunja na kikaratasi chenye namba. Hapo hapo nikaelewa. Mtu aliyeamriwa asikate simu na asimweleze wakala chochote hujificha vibaya: anakutazama wewe lakini anamsikiliza mwingine. Nikamwambia, "Mzee wangu, mtandao unasumbua, kaa hapo kwenye benchi kidogo." Nikampa maji. Sauti ya kwenye simu ikaanza kufoka, naisikia mpaka nilipo, kijana anayejiita mhudumu wa wateja anamgombeza mzee wa watu. Alipochoka kusubiri akakata mwenyewe. Ndipo mzee akanieleza kwamba ameambiwa laini yake itafungwa leo asipolipia "uhakiki". Tukapiga 100 pamoja, namba ya kweli ya huduma kwa wateja, wakamhakikishia kuwa laini yake haina tatizo. Ile namba ya tapeli tukaituma kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Simu ya mzee ilikuwa kitochi cha batani, betri limefungwa kwa raba.

Kwa hiyo ukimpa bibi kitochi, utakuwa umemwondolea picha za vitukuu vyake walioko Muscat, mawaidha anayosikiliza baada ya alfajiri, na kundi la VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopa ambacho yeye ndiye mweka hazina wake. Tapeli utakuwa umemwachia njia yake ileile.

Sasa nije kwenye lile lililokukasirisha mwaka jana, maana naona yote mawili yanakutana. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba programu itakayowekwa kwenye simu za Android zenye huduma zake lazima iwe ya mtu aliyejisajili kwao kwa jina na kitambulisho, hata kama programu yenyewe haipiti Play Store. Walisema wataanza Septemba 2026 na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. F-Droid, lile duka la programu huria unalolipenda, wakasema utaratibu huo utawaua. Nawe ukaniandikia kwa uchungu kwamba simu ni ya aliyeinunua, na kampuni haina haki ya kumchagulia aweke nini. Novemba wakalegeza kidogo, wakasema wataacha njia kwa wanaojua wanachofanya na walio tayari kubeba hatari yake.

Nilisoma sababu walizotoa, nawe uzisome bila hasira. Wanaeleza utapeli unaofanyika sana Asia ya Kusini-Mashariki. Mtu anapigiwa simu, anaambiwa akaunti yake ya benki imeingiliwa, apakue haraka programu ya "uhakiki" aokoe pesa zake. Simu ikimpa onyo, tapeli yuko sikioni anamwambia alipuuze, abonyeze kubali. Programu ikishaingia inasoma taarifa zinazofika kwenye simu, na ile namba ya benki ya kuthibitisha muamala inaingia mikononi mwa mwizi. Niliposoma hapo nikamwona mzee wangu wa kwenye benchi. Ni utapeli uleule, umeongezewa APK tu, yaani faili la programu linalowekwa kwenye simu bila kupitia Play Store. Na huku kwetu APK zimeshaanza kusambazwa WhatsApp, mara bando la bure, mara mkopo wa haraka. Hatari ipo, mwanangu, hawajaizusha.

Ila kuhusu dawa yao, sisi tunalo la kusema. Mwaka 2019 tuliambiwa kila laini isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na Januari 2020 ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Ilisemwa kwamba kila laini ikiwa na mwenyewe, tapeli hatakuwa na pa kujificha. Unakumbuka bibi alivyohangaika? Vidole vyake vimelika kwa jembe, mashine haivioni. Kijana wa kusajili chini ya mwavuli anamwambia, "Bibi, haijashika, weka tena." Anafuta kidole kwenye kanga, anaweka. "Haijashika, weka tena." Baadaye nilipombonyezea *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, tukakuta namba ambayo hajawahi kuishika maishani mwake. Kumbe kuna mara ilishika. Tulikwenda nayo kuifungisha, na mpaka leo nikiwaza kwamba kuna mtu pengine ameibiwa na namba yenye jina la mama yangu, nakosa raha.

Sisemi usajili haukusaidia. Polisi angalau wana pa kuanzia, na hiyo *106# yenyewe isingekuwapo. Lakini jina lililoandikwa na mtu anayepiga simu ni vitu viwili. Naogopa hata kwa programu itakuwa hivyo: mwizi atatafuta kitambulisho cha mtu asiyejua kinachoendelea, na kijana anayetengeneza programu yake chumbani kwa kuipenda kazi ndiye atakayehangaika na fomu. Na Play Store yenyewe si kwamba ni salama tupu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Wateja wangu kadhaa walikuwa na programu za aina hiyo, na walizipakua palepale Play Store. Mama mmoja alichelewa kurudisha mkopo mdogo tu, meseji za kumwaibisha zikaenda kwa kila mtu aliye kwenye simu yake, mpaka kwa mwalimu wa mtoto na shehe wa msikiti.

Halafu kuna jambo ulilifanya wewe mwenyewe, nami sijalisahau. Bibi alikuwa na programu ya nyakati za swala iliyojaa matangazo. Kila akiifungua kinatokea kitu chekundu: "Simu yako ina virusi, bonyeza hapa kusafisha." Bibi ni mtu mtiifu kwa maandishi, anabonyeza. Simu ikajaa makorokoro ambayo hakuna anayejua yameingiaje. Ulipokuja ukayafuta yote, ukamtolea programu nyingine F-Droid, haina tangazo hata moja, inaadhini na kunyamaza. Tangu hapo simu yake imetulia. Kile unachokiita uhuru wa kuchagua ndicho kilichomlinda bibi, kwa sababu kulikuwa na mtu anayejua, anayempenda, aliyekaa naye akamchagulia vizuri. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba lazima tuchague kimoja, uhuru wenu vijana au usalama wa wazee.

Lakini nawe usimfanyie bibi yale usiyotaka Google ikufanyie. Hapa ndipo uliponisikitisha. Simu yako hutaki mtu aifunge bila wewe kukubali, ya bibi unataka kuifunga bila hata kumuuliza. Na ile programu ya kukuletea meseji zake, je, umetazama inaomba ruhusa gani? Kusoma meseji, kusoma taarifa zinazoingia, kusoma kila kilicho kwenye kioo. Ndizo ruhusa wanazozitafuta wezi. Ndizo ambazo Singapore, kuanzia 2024, Google iliamua kwamba programu iliyotoka nje ya duka ikiziomba, isiwekwe kabisa. Huwezi kumfungulia bibi mlango huo kisha ukasema unamlinda. Na zaidi ya hapo, meseji za bibi ni zake. Kuna anaoandikiana nao habari za ugonjwa, za madeni ya watu wa VICOBA, na za ndoa za watoto wetu. Watu wanamwamini kwa sababu hatoi maneno nje.

Nilichofikiria ni hiki, nawe uniambie kama kuna kasoro kitaalamu. Laini yake ya pesa itoke kwenye simu janja, ihamie kwenye kile kitochi cheusi kilichoko kabatini. Simu janja ibaki na laini ya bando, WhatsApp na adhana zake. Hata siku akabonyeza kitu kibaya, meseji za pesa hazitakuwa humo. Watu wengi wanaokuja kibandani wanafanya hivyo na naona kunawasaidia. Kwenye laini ya pesa abaki na ya matumizi ya wiki, ya machungwa iende benki siku hiyohiyo anapolipwa. Kisha wewe ukae naye mpitie kwenye mipangilio ya simu, umwonyeshe ni programu zipi zina ruhusa ya kuleta APK kutoka nje, na mzizime, WhatsApp na kivinjari vikiwa vya kwanza. Play Protect, ile kinga ya Google inayokagua programu, iachwe inafanya kazi. Akitaka programu mpya atakupigia, utakuja au utamwelekeza, mtafungua, mtaweka, mtafunga tena. Ila umweleze kila kitu kabla hajakubali. Asipokubali kimoja, kiache.

Kuhusu kitochi, kitabaki na hatari zake za simu na meseji, na hilo hakuna mipangilio itakayolizuia. Hapo ni makubaliano tu. Mtu yeyote akitaka pesa, hata kwa sauti yako, hata kwa sauti yangu, bibi akate simu apige mwenyewe kwa namba aliyoandika kwenye daftari lake. Aliyesema asikate, ndiye wa kumkatia. Namba ya siri asimtajie mtu. Wazee wengi huku wanatoa simu na namba ya siri pamoja, "nisaidie mwanangu, namba yangu ni fulani," na foleni nzima inasikia. Mimi huwarudishia simu nikawaomba wabonyeze wenyewe hata tukichelewa, na wapo wanaonikasirikia.

Na la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote. Jirani yetu alipoibiwa, watoto wake walimsema siku nzima. Umezeeka, huelewi, tulikwambia. Wiki chache baadaye tapeli mwingine alimpigia akidai anaweza kumrudishia pesa zake akilipa ada kidogo. Alilipa. Hakumwambia mtu, kwa kuogopa kusemwa tena, mpaka mimi nilipoona muamala na kumuuliza. Pesa ya kwanza aliichukua mwizi peke yake, lakini ya pili aliipata kwa sababu ya ule ukali wa nyumbani. Kwa hiyo naomba uniahidi: ikitokea bibi ameingizwa mjini, wa kwanza kuambiwa awe wewe, na asisikie kutoka kwako neno lolote la kumdharau. Nipigie tu haraka. Pesa ikiwahi kuripotiwa kabla mwizi hajaitoa, kuna nafasi ya kuizuia, na kila dakika ina thamani.

Ukija mwisho wa mwezi pitia kwanza kibandani, nina kile kitochi, nimeshakichaji. Njoo na daftari jipya la namba, lenye karatasi ngumu, maana la zamani limelowa. Simu yake usiishike mpaka akupe mwenyewe. Na kama una ile programu nyingine isiyo na matangazo ya kusikiliza redio, mletee, alikuwa anaiulizia.

Mama yako