Mito yenye umbo la mti ipewe neno lake

Mhariri,

Mtu anayefasiri jiografia akifika kwenye mito inayojigawa kama mti, huwa na njia mbili mkononi: aandike "mfumo wa dendritiki" au "mfumo wa matawi". La kwanza limetoka kwenye dendron, yaani mti kwa Kigiriki, na mwanafunzi wetu hauoni mti huo. La pili ni pana mno. Hata mito ya Kilimanjaro ina matawi, ilhali imesambaa kutoka juu kama miale ya jua. Tunapendekeza "wa kimti". Tunasema mambo ya kitoto, mavazi ya kizee. Basi na mfumo wa kimti.

Mfumo huu hutokea pale ambapo mwamba una ugumu unaolingana kila upande. Maji hayana ufa wa kufuata wala tabaka gumu la kukwepa, kwa hiyo hufuata mteremko tu, na kila kijito hula ardhi kurudi nyuma, upande wa chanzo. Penye miamba iliyopasuka kwa mistari iliyonyooka, vijito hukata kona za pembe mraba. Hapo neno la kimti halifai.

Kosa linaloharibu michoro mingi ni mwelekeo. Kijito huingia mtoni kwa pembe kali, chini ya nyuzi 90, na ncha ya pembe hiyo huelekea maji yaendako. Anayechora vijito vikiinamia chanzo cha mto amerudisha maji mlimani. Tazama Rufiji: Kilombero na Luwegu inakutana, Rufiji inaanza, kisha Ruaha Mkuu unaingia chini zaidi. Lakini kwenye delta mambo hugeuka, mto hugawanyika kuelekea bahari. Ile ni mikono ya mto. Tusiiite vijito.

Katika kupanga mito kwa daraja, kuanzia vijito vidogo kabisa, utaratibu wa mtaalamu wa maji Robert Horton wa 1945, uliorekebishwa na mwanajiografia Arthur Strahler, husema kijito kisichopokea kingine ni daraja la 1. Viwili vya daraja la 1 vikikutana, hupatikana la 2. Cha daraja la 1 kikiingia cha 2, linabaki 2. Wengi hujumlisha hapo wakaandika 3, na ramani nzima inapotoka. Daraja la 3 hudai mito miwili ya daraja la 2.

Wanaosoma mawe nao watalihitaji neno hili. Michoro myeusi kwenye nyufa za mawe ya chokaa, inayofanana sana na kangaga, mara nyingi si visukuku vya mimea. Ni oksidi ya manganizi iliyoachwa na maji yaliyopenya. Itazame kwa lenzi. Jani la kweli lina mshipa wa kati na vishipa vinavyotoka humo. Mchoro wa manganizi hauna mshipa, ni utando mwembamba tu juu ya uso wa ufa, na aghalabu matawi yake huanzia ukingoni.

Walimu wa jiografia,
Morogoro