Mdogo wangu, kabla hujalipa ada ya LPN

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili niliusikiliza ndani ya gari, kwenye maegesho ya kazini, theluji inagonga kioo. "Dada, hivi hiyo LPN ni ngumu kweli au watu wanatutisha tu?" Nilirekodi jibu mara tatu, mara tatu nikalifuta. Nimeamua kukuandikia hapa hadharani kwa sababu swali hilo, la kozi ya LPN inayomtoa msaidizi wa wauguzi awe nesi mwenye leseni, naulizwa kila msiba na kila harusi tunayokutana hapa Columbus, Ohio, na kila mara najibu nusu. Mbele za watu kila mtu alifaulu kirahisi. Leo nasema yote, hata lile ambalo mama hajawahi kulisikia.

Biolojia haitakushinda, wewe uliyefundisha sayansi shule ya msingi miaka minne Morogoro. Kiingereza chako kinatosha. Kilichokaribia kunifukuzisha mimi shule ni malezi mazuri. Nitakueleza, ila kwanza tumalize la shule yenyewe, maana najua kuna kijana amekwambia kuna mahali Florida unamaliza kwa miezi michache bila kuingia wodini.

Usithubutu. Januari 2023 serikali ya Marekani iliwafungulia mashtaka watu 25 kwa kuuza diploma za unesi zaidi ya 7,600 kutoka shule tatu za huko huko Florida. Walionunua, wengine walifanya mtihani wa leseni wakafaulu, wakaajiriwa, halafu wengi wakanyang'anywa leseni mikononi. Wewe ingia kwenye tovuti ya Bodi ya Wauguzi ya Ohio, tazama orodha ya shule zilizoidhinishwa, kisha utafute asilimia ya wanafunzi wa kila shule wanaofaulu mtihani wa leseni kwa mara ya kwanza. Takwimu hizo ziko wazi. Shule yenye matangazo mazuri kwenye basi na ufaulu mbovu, ipite kama unavyompita muuza viatu vya mguu mmoja.

Mtihani wa kuingilia ni TEAS kwa shule nyingi: kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza, maswali 170. Wiki sita za kujisomea zinakutosha. Halafu alama za vidole, kipimo cha kifua kikuu, chanjo ya homa ya ini aina ya B, kadi ya mafunzo ya kuhuisha moyo uliosimama (CPR). Hayo ni kukimbia na makaratasi tu.

Kozi yenyewe ni kama mwaka mmoja ukisoma muda wote. Wewe umezoea zile saa 75 za mafunzo tulizosoma kuwa wasaidizi wa wauguzi, wiki chache na umeshavaa sare. Hii si ndugu yake. Mwili wa binadamu unaupitia mfumo kwa mfumo, unaingia famakolojia, yaani somo la dawa, afya ya akili, mama na mtoto, watoto, upasuaji, wazee. Na kati ya hapo kuna maabara ya vitendo yenye sanamu la mgonjwa linalopumua na kukohoa kuliko baadhi yetu.

Nikupe onyo moja la maabara kwa sababu litakuhusu. Sisi tuliobeba boksi kwenye nyumba za wazee tuna mikono ya haraka. Wagonjwa kumi na mbili, zamu moja, unajifunza kukatisha. Siku ya kupimwa kuweka mpira wa mkojo, niliweka kila kitu sawasawa, glavu safi, kitambaa safi, halafu nikashusha mikono chini ya kiuno kwa sekunde moja tu nikimsikiliza mkufunzi. Akasema, "Umeshachafua, anza upya." Kwao, mkono uliovaa glavu isiyo na vijidudu ukishuka chini ya kiuno umetoka kwenye usafi, hata kama haujagusa kitu. Nilianza upya mara nne. Mzoefu ndiye anayerudia zaidi, kwa sababu ana mengi ya kusahau.

Sasa hesabu za dawa. Shule yangu ilitaka asilimia 90 ndipo uruhusiwe kumpa mgonjwa kidonge. Maswali 20. Mimi, niliyekuwa naweka mahesabu ya duka la baba nikiwa darasa la tano, nilipata 17. Nilitoka pale nimevimba, nikaenda kudai karatasi yangu.

Swali la kwanza nililokosa: daktari ameagiza heparini yuniti 2,500, chupa ina yuniti 5,000 kwa kila mililita. Jibu ni nusu mililita, nami niliandika .5. Kosa. Nikasema, mwalimu, si ni nusu? Akachukua kalamu, akaandika .5 kwa mwandiko wa haraka wa daktari, akaniuliza naona nini. Nukta haikuonekana. Ilikuwa 5 tupu, yaani dawa ya kuzuia damu kuganda mara kumi ya kipimo. Sifuri lazima itangulie: 0.5. La pili niliandika 5.0 badala ya 5, na hilo nalo ni kosa kwa sababu hiyo hiyo, mtu akiikosa nukta anasoma 50. La tatu lilikuwa langu halali: mgonjwa ana ratili 154, nami badala ya kugawanya kwa 2.2 nikazidisha. Nikapata mtu wa kilo 338.8. Ng'ombe huyo, si mgonjwa. Jibu lilikuwa kilo 70, na ningejiuliza tu kama namba inafanana na binadamu ningelikamata. Siku hizi kila hesabu nikimaliza najiuliza hivyo. Nilirudia mtihani wiki iliyofuata nikapata zote.

Lile la mama hajalisikia ni hili.

Muhula wa pili, mafunzo kwa vitendo kwenye nyumba ya wazee. Nilipewa mzee mmoja, mkulima wa zamani, mwenye utani. Asubuhi ile hakuniita kwa utani. Nilimpima: anapumua mara 28 kwa dakika, oksijeni kwenye damu asilimia 88, wakati kawaida pumzi ni kati ya 12 na 20 na jana yake oksijeni ilikuwa 95. Nikaandika kwenye daftari. Nikainua kichwa cha kitanda, hapo sikukosea. Nikaenda kwa nesi wa zamu, RN, yaani nesi wa ngazi ya juu ya LPN, mama mtu mzima ambaye yuko pale tangu mimi nikiwa mtoto. Nikamwambia mzee anapumua kwa shida kidogo. Akasema bila kuinua macho, "Yule ndivyo alivyo." Nami nikasema ahsante.

Unaielewa ile ahsante, mdogo wangu. Ni ya kwetu. Mkubwa akisema, imekwisha. Hurudii, humkatizi, humwonyeshi daftari kana kwamba unamsahihisha. Nilirudi chumbani nikamshika mzee mkono.

Mkufunzi wetu akaingia kupita tu. Akamtazama mzee usoni, akatoka mbio, na baada ya muda mfupi gari la wagonjwa lilikuwa mlangoni. Homa ya mapafu. Alipona, namshukuru Mungu, alirudi baada ya siku tisa. Lakini kwenye korido mkufunzi aliniomba daftari, akasoma, akauliza, "Uliandika saa ngapi?" Saa tatu na dakika arobaini. "Sasa ni saa ngapi?" Saa nne na robo. Hakuongeza neno. Mimi nililia kwenye choo cha wafanyakazi mpaka sare ikalowa kifuani.

Niliandikiwa onyo. Onyo la pili ningeondolewa kwenye kozi. Adhabu yake ilikuwa kuandika taarifa ya mzee yule mara kumi kwa mpangilio wao wa SBAR: kinachotokea sasa, historia ya mgonjwa, ninachokiona mimi, ninachoomba kifanyike. Tazama mwisho wake. Hairuhusiwi kuishia kwenye "anapumua kwa shida kidogo". Unataja namba, unasema jana ilikuwa ngapi, halafu unaomba: njoo umwone sasa hivi. Akikataa unasema tena. Akikataa tena unapanda ngazi, kwa msimamizi wake. Nilifanya mazoezi ya sentensi hiyo mbele ya kioo bafuni kama mtu anayejifunza kutoa mahari. Neno "kidogo" nimelifuta kabisa nikiwa kazini. Sisi tunaliweka kila mahali kupunguza makali, naumwa kidogo, nina shida kidogo, na mgonjwa anaweza kufa ndani ya kidogo hiyo.

Na daktari vilevile. Akiagiza digoxini, dawa ya moyo inayopunguza mapigo, nawe umesikiliza moyo dakika nzima ukapata mapigo 52 tu, humpi mgonjwa kwa sababu daktari kasema. Unaizuia dawa unampigia. Mara ya kwanza kupiga simu ile nilimwita daktari "sir" mara saba kwa dakika mbili, wenzangu walihesabu. Lakini nilipiga.

Nisikudanganye pia kwamba heshima yetu ni mzigo mtupu. Kwenye kumwogesha mzee, kumfunika asione aibu, kumsubiri amalize hadithi aliyoisimulia jana, wanafunzi wa kwetu walikuwa mbele ya darasa zima. Mkufunzi alikuwa anawaleta wengine watutazame. Kwa hiyo usiiache nyumbani. Jua tu wapi inakaa.

Mtihani wa leseni, NCLEX-PN, ni kompyuta inayokupima inavyokwenda. Ukipata swali, linalofuata linakazwa; ukikosa linalegezwa. Maswali ni kuanzia 85 hadi 150, una saa tano, na mashine inajizima yenyewe ikisharidhika, uwe umefaulu au umefeli. Yangu ilizima kwenye swali la 112 nikadhani umeme umekatika, mawazo ya Bongo hayaishi. Ada ya kujisajili ni dola 200, mbali na ya bodi ya jimbo. Ukifeli unasubiri siku 45.

Maswali mengi yanauliza utafanya nini kwanza. Majibu yote manne yanaweza kuwa sahihi, nawe unatafuta la kwanza. Mgonjwa anahema: je, unampigia daktari, au unamwinua akae? Mwinue kwanza. Kuna pia maswali ya nani apewe mgonjwa gani, na hapo kumbuka mipaka ya LPN: tunafanya kazi chini ya RN au daktari, tunapewa wagonjwa ambao hali yao imetulia, tathmini ya kwanza ya mgonjwa mpya si yetu. Mambo ya dripu na dawa za kwenye mshipa kila jimbo lina sheria zake, usichukue ushauri wa binamu aliyeko Texas, kule hata jina ni jingine, wanaitwa LVN.

Fedha. Usifanye zamu dabo usiku wa kuamkia mafunzo ya vitendo. Nilifanya hivyo miezi miwili na ndiyo miezi niliyopata alama mbaya, sijui kwa nini nilishangaa. Jaza fomu ya msaada wa serikali mapema, una kadi ya kijani, unastahili kuomba. Halafu lile gumu: andika kwenye kundi la ukoo kwamba kwa mwaka mmoja utatuma nusu. Andika mara moja, kwa maneno ya wazi, usiweke "kidogo". Watakaa kimya siku mbili. Shangazi atakupigia. Mimi sikuandika, nikawa naahidi kila mtu kivyake, na wiki ya mtihani wa famakolojia nikawa natafuta hela ya bati la mtu.

Jumamosi nina nafasi kuanzia saa nane mchana. Njoo na matokeo yako ya chuo cha ualimu, hata kama ni nakala, tuone kama masomo yoyote yanaweza kuhamishwa, pamoja na kikokotoo cha kawaida, si cha simu. Nimekuandalia maswali 20 ya dozi. Na ile simu ya shangazi ikiingia ukiwa hapa, utaipokea wewe mwenyewe, nami nitakaa pembeni nikichambua mchele.

Dada yako