Boti ipo, mafuta hamna

Ndugu Mhariri, salaam kutoka Msangamkuu, Mtwara.

Wiki nzima vijana hapa kijiweni wanaonyeshana kwenye simu meli mpya ya doria ya walinzi wa pwani wa Marekani, ile Argus, na kila mmoja anataka serikali ituletee kama ile. Mita 110, mzinga wa milimita 57 mbele, haya, mnyama kweli. Ila mimi kilichonishika ni kwamba imeundwa ikae baharini siku 60, na tangi likijaa inatembea maili za baharini 10,200.

Sasa sikilizeni. Msimu wa kusi uliopita tulikuwa wanne kwenye faiba, nje ya Msimbati, mpira wa mafuta ukapasuka injini ikazima, na simu huko inashika mtandao wa Msumbiji basi hadi nipate laini yetu vocha imebaki robo. Nikapiga kwa wahusika, nikajibiwa boti ipo ila mafuta hamna, labda mchangie. Tuchangie tukiwa tunaelea! Upepo na mkondo vikatusukuma kaskazini usiku kucha, asubuhi tunaiona Sudi kwa mbali, tukavutwa na jamaa wa dau ambaye alichukua nguru wetu wawili, na simlaumu.

Na hao Wamarekani wenyewe mambo hayakuwa mteremko, mkataba wa kuunda meli za aina hiyo ulisainiwa Septemba 2016, Oktoba 2018 kimbunga Michael kikalipiga eneo la chelezo kule Panama City, Florida, meli ya kwanza, ndiyo hiyo Argus, ikashuka majini Oktoba 2023. Walipanga 25, zichukue nafasi ya meli ambazo nyingine zilianza kazi miaka ya 1960. Sisi tukisubiri ya kwetu ya hivyo wataiona wajukuu, na ikija haitapita kwenye miamba ya Mnazi Bay wanapojificha wapiga baruti, wale wanaovua kwa kulipua, japo pale ni hifadhi ya bahari tangu 2000. Hao wanajua doria inatoka lini na inarudi saa ngapi, sababu tangi ni dogo.

Boti mbili tatu za kawaida zinatosha kuanzia mdomo wa Ruvuma hadi Kilwa, mradi zilale huko huko nje. Naomba mwandishi wenu atuulizie: boti za doria Mtwara na Lindi zinapewa lita ngapi za mafuta kwa mwezi, na funguo za stoo ya mafuta anashika nani usiku?

Mvuvi, Msangamkuu