Wapangaji wa safari za wazee Zanzibar, ipindueni ratiba

Mhariri,

Boti za kutoka Dar es Salaam zinatuletea Unguja vikundi vingi vya wazee: wastaafu, kina mama wa vikoba, jumuiya za misikiti na makanisa, na wengine wanaoletwa na watoto wao. Sisi tunaotembeza wageni Mji Mkongwe tuna neno na wanaopanga safari hizo. Mnamtembeza mzee juani tangu saa 4 asubuhi mpaka saa 9 alasiri. Usiku, mji unapoanza kupika na kuimba, yeye yuko kitandani anakandwa miguu.

Matembezi yawe saa 1 hadi saa 3 asubuhi, tena njia moja tu, mathalani kutoka sokoni Darajani kushukia Forodhani, bustani ya ufukweni. Adhuhuri alale. Vichochoroni gari haliingii, kwa hiyo mzee akichoka katikati, tegemeo lake ni baraza za mawe nje ya nyumba za watu. Atoe salamu, akae. Baraza zilijengwa kwa kazi hiyo. Vespa na baiskeli zinapita humo humo. Akisikia honi asirukie upande wa pili, aegemee ukuta alipo, atapitwa. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, mawe huteleza vibaya, na mwenye mkongojo asiletwe kipindi hicho.

Kuhusu malazi, mengi ni majumba ya kale ya ghorofa 3 au 4, hayana lifti, na ngazi zake ni nyembamba zenye vidato virefu. Chumba cha kuona bahari ndicho kilicho juu kabisa. Kabla ya kulipa, pigeni simu muulize chumba kiko ghorofa ya ngapi, ngazi zina pa kushikia, choo ni cha kukaa, na gari linaishia hatua ngapi kutoka mlangoni. Ulizeni na kimo cha kitanda. Vile vitanda vya Kizanzibari vya nakshi vinapendeza kwenye picha, lakini vingine hupandwa kwa kigoda, na saa 8 usiku mzee anayekwenda msalani hakumbuki kigoda kiko wapi.

Boti huchukua saa 2 hivi. Wakati wa upepo wa kusi, Juni hadi Septemba, bahari huchafuka; kaeni sehemu ya chini, katikati ya chombo, maana mbele ndiko kunakoruka zaidi. Vidonge vya kichefuchefu vingi huleta usingizi na kizunguzungu, na kwa mwenye tezi dume iliyovimba vinaweza kuziba mkojo. Mwulizeni daktari kwanza. Insulini ibebwe mkononi, wala isilazwe juu ya barafu, kwani ikiganda imeharibika.

Sasa chakula, ambacho ndicho kilichowaleta. Forodhani nendeni mara baada ya magharibi, wakati majiko ndiyo kwanza yanashika moto. Samaki kama jodari na nguru wakikaa kwenye joto hujenga sumu ambayo moto hauiondoi, hata wachomwe mpaka wawe makaa. Dalili zake ni uso kuwaka, kichwa kugonga na moyo kwenda mbio, na mwenye presha hudhani ni presha yake. Chagueni jiko linalotoa samaki kwenye barafu, mwacheni aliyepanga vipande ubaoni tangu alasiri. Bei iulizwe kabla kipande hakijawekwa motoni.

Urojo una hesabu yake. Wenye sukari huogopa uchachu wa embe na ndimu, kumbe tatizo ni wanga juu ya wanga: viazi, bajia, kachori, chipsi za muhogo, na mchuzi wenyewe umeshikwa kwa unga. Ombeni nusu bakuli, mishikaki na yai viongezwe, viazi vipunguzwe. Pilipili na chatne hutiwa mwisho, kwa hiyo aliye na kiungulia aseme mapema. Juisi ya miwa ni mtihani zaidi: glasi ya robo lita ina gramu 30 au zaidi za sukari, na ndimu na tangawizi hazipunguzi hata moja. Mwenye meno ya bandia anywe supu ya pweza, nyama yake awaachie wajukuu. Mkate wa kumimina utamfaa.

Kwa muziki, wazee wengi wanataka taarab asilia, si rusha roho, ile taarab ya kisasa ya kucheza. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905 na cha Culture Musical Club tangu 1958. Ulizeni siku zao za mazoezi, maana hapo mtu hukaa kitini akasikia ala za nyuzi, yaani kanuni, udi na fidla, bila kusukumana. Kwenye onyesho kaeni mbali na spika, na mwenye kifaa cha kusikia akipunguze. Bebeni noti ndogo za kuwatunza waimbaji; asiyeweza kwenda mbele ampe kijana ampelekee mwimbaji. Ramadhani msije kwa ajili ya taarab, kwani hunyamaza mpaka Idi, na mchana migahawa mingi hufungwa, jambo zito kwa anayemeza dawa na chakula.

Kila mzee awe na karatasi mfukoni yenye jina la hoteli na la mtaa. Akipotea, aionyeshe baraza ya kwanza atakayoikuta na watu.

Watembeza wageni,
Unguja