Asante mzee wangu wa redioni, Bronx

Jamani kuna mtu sijawahi kumshukuru mbele za watu na roho inanisuta. Enzi hizo nipo New York, kijana, kichaa wa magari ya zimamoto, nina kiskana cha mkononi, kiredio cha kunasa mawasiliano ya zimamoto, lakini naambulia namba tu zinapita, nikikimbilia king'ora nafika wanakunja mipira ya maji. Siku moja nikamkuta disipacha wa Bronx, sehemu ya jiji hilohilo, wale wanaopokea taarifa za moto na kuyatuma magari kwa redio, ndo katoka shifti, kachoka kweli. Hakunifukuza. Akakaa na mimi kwenye ngazi akachukua kalamu akaniandikia maana ya zile namba za redioni: 10-75 moto upo kweli, 10-92 mtu kapiga kengele ya uongo makusudi (na zilikuwa nyingi hizo!). Akanichorea mitaa na namba za yale masanduku mekundu ya kupigia kengele ya moto pembeni mwa barabara, ukisikia namba ya boksi ushajua pa kwenda. Halafu akanikanya, usisimame moshi unakoelekea, mpira usiukanyage. Nyie mlio kwenye hizo kazi, kijana akija na maswali yake mpeni hata dakika kumi. Mzee wangu asante, ile karatasi ninayo bado, imechanikia kwenye mikunjo.