Vita vya Penda vilikuwa vya ukoo

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe yangu ya moyoni kuhusu makala mliyochapa Jumapili juu ya falme za kale za Uingereza. Mwandishi amevieleza vita vya karne ya 7 kuwa vya dini: Penda, mfalme wa Mercia (katikati ya Uingereza), mpagani, dhidi ya wafalme watakatifu wa Northumbria, kaskazini. Nimefundisha historia miaka 28, na habari hizo nilizifundisha kwa kuchora ukoo ubaoni, maana bila ukoo hazishikiki.

Tuanze na Edwin, wa ukoo wa kifalme wa Deira. (Deira na Bernicia ndizo falme mbili zilizounganishwa kuwa Northumbria.) Aliyemfukuza na kumwinda ni Æthelfrith wa Bernicia, shemeji yake, mume wa dada yake Acha. Edwin akakimbilia kwa Rædwald, mfalme wa East Anglia. Æthelfrith akapeleka wajumbe na fedha mara tatu ili mgeni huyo auawe. Rædwald alikwisha kulegea. Mkewe ndiye aliyemkanya asimuuze rafiki kwa dhahabu. (Jina la mama huyo halikuandikwa popote, na hilo linaniudhi hadi leo.) Mnamo 616, kando ya Mto Idle, Rædwald alimshinda Æthelfrith na kumuua, ingawa mwanawe mwenyewe, Rægenhere, alianguka papo hapo. Edwin akatawala Northumbria. Zamu ya kukimbia ikawa ya wana wa Æthelfrith, Oswald akiwamo. Walimkimbia nani? Mjomba wao.

Edwin alibatizwa 627, akauawa katika vita vya Hatfield miaka michache baadaye. Muuaji alikuwa Penda, sawa, lakini bega kwa bega na Cadwallon, mfalme wa Gwynedd huko Wales, ambaye alikuwa Mkristo! Mwaka 642 Penda akamuua na Oswald, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mfalme wa Northumbria, kichwa na mikono ikatundikwa mitini. Ukatili sikatai. Ila mtawa Bede, aliyeandika historia ya falme hizo na ambaye hakumpenda Penda hata chembe, anakiri kwamba mfalme huyo hakuwazuia wahubiri nchini mwake. Aliowadharau ni waliopokea dini wasiishike.

Hata vita vya Mto Winwæd, mwaka 655, vilikuwa vya watu waliojuana nyumbani. Penda na Oswiu, nduguye Oswald aliyemrithi ufalme, walikwisha kuozeshana watoto mara mbili. Œthelwald, mwana wa Oswald, alikuja na jeshi la Penda kumpiga baba yake mdogo, halafu siku yenyewe akajitenga pembeni angoje nani atashinda. Mto ulikuwa umefurika. Waliokufa maji walizidi waliouawa kwa upanga, na Penda hakurudi.

Kuna mmoja ambaye makala haikumgusa kabisa: Oswine, mfalme wa Deira. Mwaka 651 aliwaruhusu askari wake warudi makwao akajificha nyumbani kwa mtu aliyemwamini, naye akamsaliti. Aliyeagiza auawe ni huyo huyo Oswiu, Mkristo mwenzake, ambaye mkewe alikuwa jamaa ya marehemu. Mwandishi wenu atuambie Oswine anamweka upande gani.

Mwalimu mstaafu